Redieta Vuguvugu, Nyumba Yenye Joto: Mwongozo Kamili wa Kupata Joto kwa Pampu ya Joto

Mama alipokuja kutoka Tanga kukaa nasi majira ya baridi, asubuhi ya kwanza aliweka kiganja juu ya redieta ya sebuleni, akakiacha hapo kidogo, kisha akaniita. "Mwanangu, kitu chenu hiki kimekufa." Nikamwonyesha kipimajoto ukutani: nyuzi 21. Nje, kioo cha gari kilikuwa cheupe kwa barafu. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa dera na kanga mabegani, miguuni hana soksi, na bado hakuamini, kwa sababu redieta haikumchoma.

Wengi wetu tunaoishi Uingereza tumezoeshwa hivyo na boila za gesi. Redieta inaunguza saa mbili asubuhi, inazimwa, nyumba inapoa, jioni inaunguza tena. Pampu ya joto haitaki hivyo. Ikifanya kazi inavyopaswa, redieta ukiishika ni kama kikombe cha chai kilichosahaulika mezani, na inakaa vile usiku na mchana. Anayeilazimisha iunguze analipa umeme mwingi, halafu anawaambia jirani zake kwamba pampu hazifai. Nimeona hilo kwa macho yangu, na majira yangu ya baridi ya kwanza nililipia mwenyewe. Ndiyo maana ninaandika yote hapa, hatua kwa hatua, kwa mtu mwenye nyumba yenye redieta za maji.

Mashine yenyewe

Kiyoyozi cha Dar es Salaam au Mombasa hutoa joto chumbani na kulimwaga nje. Simama karibu na kile kisanduku cha nje, utapigwa na upepo wa moto. Pampu ya joto ni mashine hiyohiyo iliyogeuzwa: inanyonya joto la nje na kulitia kwenye maji ya redieta. Hata hewa ya nyuzi 0 ina joto la kunyonywa, maana gesi inayozunguka ndani ya mashine huwa baridi kuliko hewa hiyo. Kompresa inaibana gesi, gesi inapanda joto, maji yanalichukua. Umeme unalipia kazi ya kuhamisha tu, kwa hiyo uniti 1 ya umeme inaweza kuingiza ndani uniti 3 au 4 za joto. Uwiano huo nitauita kizidisho.

Kizidisho hupanda na kushuka. Kadiri maji unayotaka yanavyoipita hewa ya nje kwa joto, ndivyo kompresa inavyopanda mlima mkali zaidi. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi moja unayoishusha kwenye maji hupunguza umeme kwa takriban asilimia 2 hadi 3. Kushuka kutoka maji ya nyuzi 55 hadi 40 ni kuokoa karibu theluthi ya umeme, kwa nyumba ileile na joto lilelile la chumbani.

Na kwa Uingereza hili si suala la kupuuza, kwa sababu uniti ya umeme huuzwa kwa takriban mara nne ya uniti ya gesi. Boila ya gesi nayo hupoteza sehemu ya joto kwenye moshi. Ukipiga hesabu, kizidisho cha karibu 3.5 ndipo bili zinapolingana. Chini ya hapo unalipa zaidi ya jirani mwenye gesi, juu ya hapo unalipa pungufu. Kazi yote inayofuata ni ya kuvuka mstari huo, na njia yake ni moja: maji yenye joto la chini kadiri nyumba inavyoweza kuvumilia.

Hatua ya 1: Jaribu kwa boila uliyonayo

Kabla hujatoa hata senti, subiri siku ya baridi kali. Nenda kwenye boila, tafuta kitufe chenye alama ya redieta (chenye alama ya bomba la maji ni cha maji ya kuoga, usikiguse), ushushe joto la maji hadi nyuzi 50. Acha iwake mfululizo kuanzia alfajiri hadi usiku. Siku nyingine ya baridi, shusha hadi 45.

Chumba kinachofika nyuzi 20 au 21 na kubaki hapo kiko tayari kwa pampu. Kinachokwama kwenye 17 ndicho chenye kazi. Zunguka na kipimajoto cha bei rahisi, andika kila chumba kwenye karatasi. Karatasi hiyo itakufaa kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Tahadhari moja. Kama nyumba yako ina tangi la maji ya moto linalopashwa na boila hiyohiyo, usiiache boila chini ya nyuzi 60 kwa muda mrefu, maana bakteria wa lejionela huzaliana kwenye maji vuguvugu ya tangi. Fanya jaribio, kisha rudisha.

Hata mpangaji ambaye hatapata pampu leo wala kesho anafaidika hapa. Boila za kisasa za gesi hunasa joto la ziada kutoka kwenye mvuke wa moshi pale maji yanayorudi yanapokuwa chini ya nyuzi 55. Ukishusha maji, bili ya gesi inashuka.

Hatua ya 2: Pima joto linalopotea, chumba kwa chumba

Fundi anayekuja, akatazama nyumba kwa nje na kusema "hapa inatosha kilowati 12" hafai. Pampu kubwa kupita kiasi huwaka na kuzima kila dakika chache siku za baridi ya wastani, ambazo ndizo nyingi, na kila kuwaka upya kunakula umeme na kuchosha kompresa. Dai hesabu ya kila chumba kwa maandishi. Uijue hesabu yenyewe ili usidanganywe. Ni kuzidisha tu.

Chukua sebule yangu. Ni mita 4 kwa 4.5, kimo mita 2.4. Siku mbaya ya kukadiria hapa kwetu katikati ya England ni nyuzi 3 chini ya sifuri, na ndani nataka 21, kwa hiyo tofauti ni nyuzi 24. Kila kitu kinachotazama nje kinapitisha joto kwa kiwango chake, yaani wati kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti (kwa hewa, kwa kila mita ya ujazo):

Ukuta wa nje, mita za mraba 12, una uwazi wa katikati uliojazwa sufi ya kuzuia joto: 12 × 0.6 × 24 = wati 173.
Dirisha la vioo viwili, mita za mraba 3: 3 × 2 × 24 = wati 144.
Sakafu ya mbao isiyo na kihami chini yake, mita za mraba 18: 18 × 0.6 × 24 = wati 259.
Hewa inayopenya na kubadilika mara moja kwa saa: mita za ujazo 43 × 0.33 × 24 = karibu wati 342.

Jumla ni wati 920 hivi. Tazama mstari wa mwisho: upepo unaopita kwenye nyufa ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Ukanda wa mpira mlangoni na silikoni pembezoni mwa sakafu vilinigharimu Jumamosi moja tu. Ukuta wa tofali usio na uwazi ungepitisha mara tatu ya wangu, na darini kusiko na sufi ni kupasha moto mawingu. Sentimita 27 za sufi darini ndicho kipimo kinachopendekezwa huku, na ni kazi ya kuanza nayo kabla ya pampu.

Hatua ya 3: Je, redieta zako zinatosha?

Hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawaambiwi. Redieta inapouzwa imeandikwa wati, tuseme 1,000. Namba hiyo imepimwa maji yakiingia nyuzi 75, yakitoka 65, chumba kikiwa 20, yaani redieta inazidi chumba kwa nyuzi 50. Ukiitumia kwa maji ya pampu, haitoi 1,000 tena:

Maji yakiingia 55 na kutoka 50, inatoa zaidi kidogo ya nusu.
Yakiingia 45 na kutoka 40, inatoa theluthi moja.
Yakiingia 35 na kutoka 30, inatoa kama sehemu moja kwa saba.

Sebule yangu inahitaji 920. Ilikuwa na redieta ya bamba moja, wati 1,000 kwenye karatasi, yaani kama 330 tu kwa maji ya 45. Hata ningewasha mchana kutwa, isingetosha. Kinyume chake, 920 gawanya kwa theluthi ni redieta iliyoandikwa karibu wati 2,750. Hiyo ni ya mabamba mawili yenye safu mbili za mapezi (mabati membamba ya kusambaza joto) katikati, ile wanayoiita aina ya 22, kimo sentimita 60 na urefu mita 1 na sentimita 60. Inaenea chini ya dirisha lote. Mke wangu alilalamikia ukubwa wake wiki ya kwanza.

Si lazima ubadilishe zote. Kwetu tulibadilisha nne kati ya tisa. Vyumba vya kulala, ambavyo nyuzi 18 zinavitosha, vilibaki na zilezile. Na mara nyingi unaweza kutoa redieta nyembamba ukaweka nene ya urefu uleule bila kusogeza mabomba mbali. Kanuni za ujenzi za England tangu Juni 2022 zinataka mfumo mpya wa redieta upangwe kwa maji yasiyozidi nyuzi 55. Mimi nasema chukulia hiyo kama dari na ulenge 45 kwa siku ile ya baridi kuliko zote.

Halafu kuna mapazia. Sebule zetu tunazijua: pazia refu la tabaka mbili, zito, linafika sakafuni, na redieta iko nyuma yake chini ya dirisha. Usiku ukilifunga, joto lote linapanda kati ya pazia na kioo na kutokomea nje. Redieta ya boila inayounguza ililivumilia hilo, ya nyuzi 40 hailiwezi. Pandisha upindo wa pazia liishie kwenye kizingiti cha dirisha, au usiku lichomeke nyuma ya redieta. Kochi lisogeze mbele angalau sentimita 20. Taulo zinazokaushwa zitafutie pahali pengine.

Hatua ya 4: Mabomba na mwendo wa maji

Boila ilipeleka maji ya moto sana kidogo kidogo, yakarudi yamepoa nyuzi 20. Pampu inataka yarudi yamepoa nyuzi 5 tu, ili redieta nzima iwe na joto karibu sawa. Kwa hiyo joto lilelile linahitaji maji mara nne. Pampu ya kilowati 8 inataka karibu lita 23 kila dakika.

Nenda kaangalie mabomba yako. Bomba kuu la milimita 22 likipitisha lita hizo linaanza kukaza mwendo na kelele. La 28 linapumua. Tawi la milimita 15 kwa redieta moja halina shida. Nyumba za miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi zina vibomba vya milimita 8 au 10 vilivyopita chini ya sakafu. Hivyo vipimwe kimoja kimoja, na vya redieta kubwa huenda vikabadilishwa.

Fundi akitaka kuweka tangi la kati, linalotenganisha maji ya pampu na maji ya redieta, mwulize kwa nini. Ndani ya tangi lile maji ya moto huchanganyika na yaliyorudi. Pampu inatengeneza 45, redieta inapata 41, na wewe umelipia 45. Kwa nyumba ya kawaida yenye mzunguko mmoja, pampu kuungwa moja kwa moja na redieta ndiyo njia bora.

Kabla mashine mpya haijaunganishwa, mfumo mzima usafishwe. Redieta ya moto juu na baridi chini imejaa tope jeusi la kutu. Iliyo baridi juu ina hewa, nayo inatolewa kwa ule ufunguo mdogo. Tope hilo likiingia kwenye pampu linaziba njia zake nyembamba. Dai kichujio chenye sumaku na dawa ya kuzuia kutu.

Hatua ya 5: Sawazisha redieta kwa mkono wako

Kazi hii mafundi huiruka kwa sababu inakula saa. Ifanye mwenyewe. Nunua vipimajoto viwili vya kubana kwenye bomba.

Kila redieta ina valvu mbili. Moja ina namba, nyingine ina kofia ya plastiki isiyo na alama. Ng'oa kofia hiyo. Chini yake kuna kijiti cha shaba chenye kichwa bapa. Kigeuze kulia kwa spana ndogo mpaka kikaze, ukihesabu mizunguko, na uandike: "jikoni, 2 na nusu." Hapo una njia ya kurudi nyumbani ukipotea.

Kisha zifungue zote kabisa, pande zote mbili, na uwashe mfumo kwa saa moja. Redieta iliyo karibu na pampu itakuwa inapokea maji kwa pupa na ya mwisho inasubiri makombo. Bana kipimajoto kimoja kwenye bomba la kuingia na kingine kwenye la kutoka. Pale tofauti ilipo nyuzi 2, funga robo mzunguko. Ilipo 9, usiiguse, iongezee maji kwa kuzibana zile nyingine. Subiri dakika 20 kila ukigeuza, maana maji hayana haraka. Lengo ni karibu nyuzi 5 kila mahali. Nilimaliza yangu siku mbili, na chumba cha mwisho cha ghorofani, ambacho watoto walikuwa wanakikimbia, kilipanda nyuzi 3 bila kuongeza umeme wowote.

Hatua ya 6: Ifundishe pampu kufuata hali ya hewa

Nilifungiwa pampu yangu ikiwa imewekwa maji ya nyuzi 55, kiangazi na masika, baridi na mvua. Aliyeifunga alinikabidhi kitabu na kuondoka. Kizidisho cha majira yale kilikuwa 2.6. Mwaka uliofuata, mashine ileile na nyumba ileile, kilifika 3.7. Nilichobadilisha ni kusawazisha redieta na mstari huu mmoja kwenye mipangilio.

Pampu ina kihisio kinachosoma hewa ya nje. Unaipa nukta mbili. Mimi nina hizi: nje ikiwa −3, tengeneza maji ya 45, nje ikiwa 15, tengeneza ya 30. Katikati inajipangia yenyewe, kwa hiyo siku ya nyuzi 7 inatengeneza maji ya 37 hivi, na siku za namna hiyo ndizo zinazojaza majira ya baridi ya Uingereza.

Kupata nukta zako kunahitaji subira. Kwanza fungua valvu zote zenye namba hadi mwisho katika vyumba mnavyokaa, na thamostati ya ukutani (kifaa kinachozima mfumo chumba kikifika joto ulilochagua) ipandishe mpaka 23 ili isiingilie. Kisha kila baada ya siku mbili shusha mstari mzima kwa nyuzi 1. Siku mtu atakapouliza koti lake, pandisha nyuzi 1, acha hapo. Nyumba ikiwa nzuri siku za kawaida lakini baridi siku za barafu, pandisha nukta ya −3 peke yake. Ikiwa joto kupita kiasi siku za mvua na upole, shusha nukta ya 15. Ukimaliza, rudisha thamostati iwe mlinzi tu, nyuzi 1 juu ya unachotaka.

Usizime usiku. Ukizima, alfajiri mashine italazimika kukimbia na maji ya moto sana wakati hewa ya nje iko baridi kuliko saa zote. Shusha nyuzi 2 kama mnapenda kulala kwenye ubaridi, basi. Wala usifunge redieta za vyumba vingi ili "kuokoa": maji yanakosa pa kwenda, pampu inaanza kuwaka na kuzima.

Maji ya kuoga, barafu na fundi

Maji ya tangi yaweke nyuzi 48 hadi 50. Ni moto wa kutosha kuchanganya na baridi bafuni. Mara moja kwa wiki yapandishwe hadi 60 kwa ajili ya lejionela. Panga yapashwe saa nane mchana, hewa ikiwa na joto la juu la siku.

Asubuhi za ukungu, nje ikiwa kati ya nyuzi 0 na 5, mapezi ya mashine huganda barafu. Mashine hujigeuza kwa dakika chache, inachota joto kutoka kwenye maji ya ndani na kuyeyusha. Wingu jeupe litapanda. Jirani yangu alinigongea mlango akidhani ni moto. Ni mvuke, mwache apumzike.

Kwa England na Wales serikali inatoa ruzuku ya pauni 7,500 kwa pampu ya hewa hadi maji, kupitia Boiler Upgrade Scheme; ilikuwa 5,000 mpaka ilipoongezwa Oktoba 2023. Scotland ina mpango wake. Ombi linapelekwa na fundi, naye lazima awe na cheti cha MCS (mpango wa kuthibitisha ubora wa mafundi wa mitambo hii), na fedha zinakatwa kwenye bei yako. Kabla ya kusaini mwulize manne: Umepanga maji ya nyuzi ngapi siku ya −3? Redieta zipi zinabadilishwa, na kwa hesabu gani? Kuna tangi la kati? Nani atarudi kurekebisha mstari wa hali ya hewa baada ya mwezi? Anayejibu la nne kwa tarehe, huyo mpe kazi.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi soma namba mbili kwenye skrini ya pampu, umeme ulioingia na joto lililotoka, gawanya, andika. Kila vuli zoa majani yaliyojibana nyuma ya mashine na ufungue kichujio cha sumaku. Cha kwangu mwaka wa kwanza kilitoa tope zito jeusi kama masizi ya sufuria. Mwaka huu kilitoka na ukungu mwembamba tu, nikaufuta kwa kitambaa.